Miguu nayo ni mtaji

NKOMA, Mbale – Mfanyabiashara anayetoka Jinja kwa barabara ya Tirinyi hukaa kitini kwa saa kadhaa, magoti yamebanwa na mizigo. Akishuka Nkoma, viatu vinambana na hatua za kwanza ni nzito. Wengi husema ni uchovu wa safari tu, lakini miguu hiyo hueleza mengi kuhusu afya ya mwili mzima.

Misuli ya mashavu ya miguu hufanya kazi kama pampu. Kila hatua huminya mishipa na kuisukuma damu irudi kwenye moyo. Mtu akikaa muda mrefu bila kujongea, damu hutuama, na mara nyingine huganda. Bonge la damu likifika kwenye mapafu linaweza kuua. Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, ingawa ni wachache wanaopatwa.

Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla baada ya safari, usitafute dawa ya maumivu dukani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Misuli ya mapaja nayo hutumia sukari nyingi iliyo katika damu. Anayeshinda ameketi kibandani na kurudi nyumbani kwa boda boda huinyima kazi hiyo, na hatari ya kisukari huongezeka.

Kipimo chake hakina gharama. Kaa kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara 5. Wataalamu wa Ulaya huhesabu zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya misuli iliyodhoofika.

WHO inashauri watu wazima watembee kwa haraka au kufanya mazoezi ya kiasi hicho angalau dakika 150 kwa wiki, na kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Kwa mfanyabiashara, foleni ya Malaba au Busia inatosha kuanzia: inua visigino na kuvishusha mara 20. Gari likisimama, shuka utembee. Kibandani, simama kila mteja anapofika.