Mtoto Anacheza, Kumbe Anahesabu

Unamtuma mtoto kununua chumvi. Unamupa franka 1000. Anarudi na chumvi, lakini hajui kama feza iliyobaki ni sawa. Leo amepoteza franka 200. Kesho, akiwa kijana, atasimama mbele ya mizani ya mnunuzi wa zahabu. Je, atajua kama hesabu anayoambiwa ni ya kweli?

Wazazi wa Fataki, wa Mongbwalu na wa pande zote za machimbo, shida hii tunaijua. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita imekimbiza jamaa nyingi katika Djugu, na watoto wengi walikatiwa masomo. Mtoto asiye na kalasi atajifunza hesabu wapi?

Basi sikieni habari ya Tanga, katika inchi ya Tanzania. Kuanzia 2017, mashindano yaliyoitwa Global Learning XPRIZE yaligawa tableti (mashini kama simu kubwa ya kugusa) katika vijiji karibu 170. Watoto walikuwa karibu 2700. Karibu watatu katika kila wanne hawakuwa wamekanyaga masomo hata siku moja. Hakukuwa na mwalimu: ni tableti tu, na michezo ya kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Moto wa kuzichaji ulitoka kwa jua.

Kisha miezi 15 watoto walipimwa. Hesabu yao ilisonga mbele, na wale wasioweza kusoma hata neno moja walipunguka nusu. Mwaka 2019 programu mbili zilishinda pamoja: Kitkit School, na ile ya onebillion ya Uingereza.

Kitkit School ilitoka kwa watu gani? Sooinn Lee, mama wa Korea ya Kusini, alikuwa mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Mtoto wake mwenyewe alizaliwa na shida ya kujifunza. Yeye na bwana yake walianza kutengeneza michezo ya hesabu ambayo mtoto wa namna hiyo anaweza kuifuata.

Siri yenyewe si kubwa. Mtoto anagusa vitu vitatu, anasikia "moja, mbili, tatu" katika luga anayoijua, kisha anaona alama ya 3. Akikosa, anajaribu tena. Hakuna wa kumchapa, hakuna wa kumcheka.

Lakini tusidanganyike: hata Tanga wako wengi ambao bado walishindwa. Mashini inasaidia, haichukui nafasi ya mzazi.

Uko na simu nyumbani? Tafuta mchezo wa hesabu, mpe mtoto dakika 15, na wewe ukae karibu naye. Usimwachie simu aangalie filme mpaka usiku.

Hauna simu? Chukua mbegu za mahindi ao vifuniko vya chupa. Weka 5, ficha 2 chini ya kikombe, uulize: "Ngapi zimejificha?" Kesho fungueni duka la mchezo: majani ni feza, mawe ni sukari, mtoto arudishe chenji.

Na ninyi vijana, wadogo wenu wanawangojea. Mchezo huu hauombi diploma.

Jioni hii, usimwambie mtoto, "Kuja tufanye hesabu." Sema tu: "Kuja tucheze."