Nani Anamaliza Data ya Seva Yako?

Mei 2024, roboti moja ya kukusanya maandishi mtandaoni iliingia kwenye seva za Read the Docs, huduma inayohifadhi miongozo ya programu za kompyuta, ikapakua terabaiti 73 za mafaili ya zip. Siku moja pekee ilichota karibu terabaiti 10. Gharama ya data ilizidi dola 5,000. Hakuna aliyevunja mlango: mafaili yalikuwa wazi kwa kila mtu. Roboti ilikuwa na kasoro, ikawa inayarudia mafaili yale yale bila kuuliza kwanza kama yamebadilika.

Nakileta kisa hiki kwa sababu najua bili ya seva ikipaa watu hukimbilia wapi. Mmoja anaamini amedukuliwa, anaanza kubadilisha nywila usiku kucha. Mwingine analipia kifurushi kikubwa zaidi. Wote wawili wameruka swali la msingi: data inakwenda kwa nani, na ni faili gani linaloibeba? Kifurushi kikubwa kingeipa roboti ile nafasi ya kuchota zaidi, basi.

Tuanze na mwelekeo. Kampuni nyingi za seva za wingu hazitozi data inayoingia, hutoza inayotoka. Amazon, kwa mfano, inatoa gigabaiti 100 za kwanza bure kila mwezi, kisha katika vituo vyake vingi vya Marekani na Ulaya inatoza takriban senti 9 za dola kwa gigabaiti. Kwa hiyo terabaiti moja ni kama dola 90, na kwetu tunaolipwa kwa shilingi na kudaiwa kwa dola, hizo si hela za kupuuza.

Halafu kuna vipimo viwili vinavyochanganya hata wazoefu. Grafu ya seva huonyesha megabiti kwa sekunde, bili huhesabu gigabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 10 kwa sekunde inaonekana kidogo mno, lakini ikitoka bila kukoma ni gigabaiti 108 kwa siku, zaidi ya terabaiti 3 kwa mwezi. Ndiyo maana mimi huangalia usiku kabla ya mchana. Kama wasomaji wako wengi wako Dar es Salaam na Nairobi, saa tisa usiku grafu inapaswa kuwa imelala. Ikiwa imenyooka vilevile mchana na usiku, huyo anayepakua si binadamu. Na ikiwa inapanda kila siku saa ile ile kisha inashuka, angalia kazi ulizozipanga mwenyewe, hasa bakapu inayotuma nakala nzima ya kila kitu badala ya mabadiliko ya siku hiyo tu.

Kwenye Linux, vnStat inakuonyesha matumizi kwa saa, siku na mwezi. Ni nyepesi, kwa sababu inasoma hesabu ambazo mfumo wenyewe tayari unazitunza. Ila haiwezi kukusimulia yaliyotokea kabla hujaiweka, kwa hiyo iweke leo, mambo yakiwa shwari. Tatizo likiwa linaendelea, nethogs inakutajia programu inayotuma data muda huo, na iftop inakuonyesha anwani zinazoipokea.

Utajiri wenyewe uko kwenye logi za seva ya wavuti. Nginx huandika kila ombi kwenye mstari wake: anwani ya IP, saa, faili lililoombwa, jibu, ukubwa wa jibu kwa baiti, na jina ambalo mwombaji amejitambulisha nalo. Wengi huhesabu maombi, na hapo ndipo wanapopotea. Anwani iliyoomba kurasa 20,000 za kilobaiti 30 imetumia megabaiti 600. Nyingine imeomba video moja ya megabaiti 500 mara 40 tu, nayo imebeba gigabaiti 20. Ukipanga kwa idadi, huyu wa pili humwoni kabisa. Jumlisha baiti kwa kila anwani, kisha kwa kila faili, upange kuanzia kubwa. Mara nyingi mistari mitano ya juu inatosha.

Baada ya hapo linganisha jumla ya logi na jumla ya data inayotoka kwenye vnStat. Zikikaribiana, tatizo liko kwenye tovuti. Logi zikionyesha gigabaiti 50 na vnStat gigabaiti 900, kuna mlango mwingine unaovuja. Februari 2018 GitHub ilishambuliwa kwa mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde, yaliyotoka kwenye seva za watu wengine zilizoacha programu ya memcached wazi kwenye poti 11211. Ombi dogo lenye anwani ya kughushi liliifanya seva itoe jibu kubwa mara maelfu, na jibu likaelekezwa kwa mlengwa. Wenye seva hizo wakawa silaha bila kujua. Funga kwa fayawoli kila poti isiyohitajika na dunia nzima.

Roboti unaweza kuiomba ikae mbali kupitia faili la robots.txt, lakini hilo ni ombi tu. Isiyosikia izuie au ipunguzie kasi ndani ya Nginx. Read the Docs walipozizuia roboti za akili bandia, upakuaji wa mafaili yao ulishuka kutoka takriban gigabaiti 800 kwa siku hadi 200. Video na mafaili mazito yahamishie kwenye mtandao wa usambazaji wenye bei nafuu. Weka pia tahadhari ya bili, ukijua kwamba kwa kawaida hukutumia barua pepe tu. Haizimi chochote, na mita inaendelea kusoma hadi wewe mwenyewe uingie kwenye seva.