TANGAZO KWA WANANCHI: UPIKAJI WA SUPU YA MAHARAGE

Wakazi wa Kisiba na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe, pamoja na watumishi wa umma wanaoanza kujipikia, wanafahamishwa kwamba supu ya maharage ni chakula rahisi na chenye kujenga mwili. Hata hivyo maharage yasiyoiva vizuri, hasa mekundu, yana sumu.

Vinavyohitajika ni kikombe 1 cha maharage, viazi mviringo 2, karoti 1, kitunguu 1, nyanya 2 na chumvi yenye madini joto.

Maharage yachambuliwe, yaoshwe na kulowekwa usiku kucha. Maji hayo yamwagwe na kutiwa vikombe 8 vya maji mapya. Yachemshwe kwa moto mkali kwa muda usiopungua dakika 30, ndipo moto upunguzwe hadi yalainike. Moto hafifu tangu mwanzo hauondoi sumu, ambayo huleta kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula. Aidha, katika nyanda za juu kama Tukuyu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, hivyo maharage huchelewa kuiva kuliko pwani.

Yakishalainika, viongezwe viazi, karoti na kitunguu. Nyanya zifuate mwishoni, kwani ukali wake huzuia maharage kulainika. Chumvi itiwe wakati wa kuipua, ili madini joto yasipotee.

Inashauriwa kupika kiasi cha mlo mmoja. Itakayobaki ihifadhiwe mahali pa baridi na ichemshwe upya kabla ya kuliwa.