Krediti si Mkopo: Istilahi za Masomo ya Chuo Yanayoanzia Sekondari

Mzazi mmoja mwenye asili ya Kongo, anayeishi Marekani, alituletea nakala ya tangazo kutoka shule ya sekondari ya bintiye. Tangazo hilo, lililofasiriwa kwa Kiswahili, lilisema kwamba mwanafunzi aweza "kupata mkopo wa chuo" angali sekondari. Mzazi hakutia sahihi, kwani alichelea kumtwika mtoto deni. Muda wa kujiandikisha ukapita, na binti akakosa masomo ambayo yangempunguzia gharama za chuo. Kosa halikuwa la mzazi. Lilikuwa la neno.

Hofu yake yaeleweka. Hapa Tanzania, tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, maneno "mkopo" na "chuo" yakiandamana humaanisha fedha itakayorudishwa. Kiingereza kina neno moja kwa dhana mbili: fedha ya kukopa, na kipimo cha masomo ambayo mwanafunzi ameyakamilisha na kufaulu, yakahesabiwa katika shahada yake. Mfasiri alichukua maana isiyohusika. Kwa dhana hii ya pili twapendekeza *krediti*, neno ambalo si geni vyuoni mwetu. *Mkopo* na ubaki benki.

Hata hivyo, neno kufanana si kipimo kufanana. Marekani, krediti moja ya muhula ni takriban saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila juma, kwa majuma kama 15. Yaani saa 45 hivi. Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kwa hiyo krediti 120, ambazo Marekani kwa kawaida hutosha shahada ya kwanza, hapa ni kazi ya mwaka mmoja tu. Shahada yetu ya miaka mitatu hudai zisizopungua 360. Mfasiri asiache kutaja ni krediti za wapi.

Njia za kuzipata mapema ni mbili kuu. Ya kwanza twaiita *uandikishaji sambamba*: mwanafunzi wa sekondari huandikishwa pia chuoni, na somo moja huhesabiwa pande zote mbili. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya mpango huo mwaka 1985, na huko mwanafunzi halipi ada wala vitabu vya lazima. Lakini alama zake, nzuri au mbaya, hubaki katika kumbukumbu za chuo. Ya pili ni *mtihani wa kiwango cha chuo*, kama ile ya College Board, ambayo hutolewa alama 1 hadi 5. Vyuo vingi huanzia alama 3. Vingine hudai 4 au 5. Katika njia zote mbili, chuo kitakachompokea ndicho chenye uamuzi wa kuzikubali krediti hizo.

Yafaa pia kutenga *krediti* na *cheti cha ujuzi*. Cheti cha ujuzi huthibitisha kwamba mtu aweza kufanya kazi fulani. Kwa mfano, msaidizi wa muuguzi katika makao ya wazee huko Marekani hupata mafunzo yasiyopungua saa 75, kisha hupimwa. Mwanafunzi aweza kuhitimu sekondari akiwa na cheti hicho mkononi na akaajiriwa, ilhali hana krediti hata moja. Krediti humpunguzia mtu safari ya shahada. Cheti humfungulia mlango wa kazi. Tangazo linaloviita vyote "vyeti vya chuo" humwahidi mzazi kisichokuwapo.

Basi mfasiri, kabla ya kuandika, na ajiulize maswali matatu: Je, kinachotolewa ni fedha, ni kipimo cha masomo, au ni uthibitisho wa ujuzi? Kila kimoja kina jina lake. Wasomaji wenye mapendekezo bora kuliko haya twawakaribisha watuandikie.