Mbunge wa Wapi?

Ukienda kwenye uzinduzi wa zahanati au madarasa, msikilize MC anavyotambulisha wageni. Akifika kwa mbunge wa jimbo sauti inapanda: "Mbunge wetu!" Vigelegele, ngoma. Kisha, kwa sauti ya kusoma matangazo: "Pia tunaye mheshimiwa wa viti maalumu." Mama anainuka nusu, anapunga mkono, anakaa. Nimeyaona hayo mara nyingi, na MC si mtu mbaya. Anafuata mantiki ya Katiba yetu, pengine bila kujua.

Tuanze na hesabu. Viti maalumu vya wanawake katika Bunge la Tanzania vilianza 1985 vikiwa 15 tu. Baadaye vikawekwa kwa asilimia, na tangu mabadiliko ya 2005 havipungui asilimia 30 ya wabunge wa aina nyingine. Bunge lililopatikana 2020 lilikuwa na viti hivyo 113 kati ya nafasi 393. Siku ya uchaguzi hakuna karatasi ya kura yenye jina la mgombea wa viti maalumu. Chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge kinagawiwa viti kulingana na kura zake, kisha Tume ya Uchaguzi inateua kutoka kwenye orodha ya majina iliyopelekwa na chama. Ndani ya CCM safari huanzia kwa wajumbe wa mkoa wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, ndiyo maana msimu wa uchaguzi simu za wajumbe hao hazipumziki.

Sasa sikiliza lugha yetu. Wa jimbo "ameshinda". Wa viti maalumu "amepewa". Na palipo na kupewa, mtaa huuliza alitoa nini. Swali hilo mwanamume aliyeteuliwa na Rais kuwa mbunge haulizwi, ingawa naye hakupigiwa kura na mtu.

Sheria nayo inaongeza chumvi. Waziri Mkuu lazima atokane na wabunge wa majimbo. Mfuko wa Jimbo, kama jina lenyewe linavyosema, unamfuata mwenye jimbo. Wananchi wakimwendea mama wa viti maalumu kuomba mabati ya darasa, atatoa mfukoni mwake au atawaelekeza kwa mwenzake. Na akionekana sana vijijini, mwenye jimbo anaanza kununa: huyu ana nia gani na jimbo langu?

Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema, Halima Mdee akiwa mbele, waliapishwa kushika viti hivyo. Chama kikasema hakikupeleka orodha yoyote, kikawavua uanachama. Wao wakabaki bungeni. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki, na kuwakosoa ilikuwa halali kabisa. Ila mtaa uliwabatiza "Covid-19", wanawake wazima wakaitwa kwa jina la ugonjwa, na jina likaganda miaka yote mitano. Mdee alikuwa amelishika jimbo la Kawe miaka 10 kwa kura za wananchi. Mwenzake katika kundi hilo, Ester Bulaya, alimwangusha mwanasiasa mkongwe wa CCM, Stephen Wasira, kule Bunda Mjini mwaka 2015. Yote hayo yakafunikwa na kiti kimoja.

Wanaojua mchezo hukitumia kiti maalumu kama ngazi. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa njia hiyo mwaka 2000, na 2010 akaenda kugombea ubunge wa jimbo la Makunduchi, akashinda.

Je, tatizo litakwisha tukiwaachia wapigakura kuchagua wenye viti hivi? Kenya walijaribu. Katiba yao ya 2010 iliweka wawakilishi wanawake 47, mmoja kila kaunti, wanaochaguliwa na wapigakura wote, wanaume kwa wanawake. Wa Nairobi anaomba kura katika majimbo 17, wakati mbunge wa kawaida anahangaika na jimbo moja. Bado wapo waliowaita wawakilishi hao wasichana wa kubeba maua harusini. Kiti kikishaitwa cha wanawake, watu hukiona kidogo hata kikiwa na kura nyingi kuliko cha jirani. Mimi ningekuwa mwandishi wa sheria ningevipa viti hivi majimbo halisi yenye mipaka, na ningeweka ukomo wa vipindi ili ngazi isigeuke kitanda. Lakini nisingeahidi kwamba dharau itaisha.

Tarehe 1 Juni 2021, bungeni Dodoma, mbunge mmoja mwanamume alisimama kulalamikia mavazi ya mwenzake. Condester Sichalwe alikuwa amevaa blauzi ya njano na suruali nyeusi. Spika Job Ndugai akamtaka atoke, akavae vizuri ndipo arudi. Akainuka, akatoka. Sichalwe hakuwa wa viti maalumu. Alikuwa mbunge wa Momba, jimbo kamili.