Jeraha Lisiloonekana

Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijua maiti. Ukweli wa maneno hayo umedhihirika katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, ambako mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba, 2017 yamewang'oa mamia ya maelfu ya watu majumbani mwao.

Kuanzia Oktoba 2020, katika muda wa majuma machache, watu zaidi ya 10,000 walishuka kutoka mashuani katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba. Wengi wao walipokewa na jamaa, katika nyumba ambazo tayari zilikuwa finyu.

Ukarimu wa siku ya kwanza si mgumu. Mtihani huja unga unapopungua na watoto wanapobanana katika chumba kimoja. Hapo ndipo manung'uniko huanza: mgeni ana kisirani, mgeni hasemi na watu, mwanawe anakojoa kitandani. Mwenyeji huona utovu wa adabu. Kumbe aliyepatwa na vitisho vikubwa huweza kukosa usingizi, kushtuka mlango ukibamizwa, kukasirika upesi au kunyamaza kutwa nzima. Na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huweza kurudia. Hilo ni jeraha, ila halionekani kwa macho.

Mwenyeji naye huchoka, wala si dhambi. Lakini asiyeutambua uchovu wake humwangushia hasira aliye mnyonge. Yafaa ajiulize kabla ya kukaripia: je, kinachoniudhi ni mtoto huyu, au ni chungu kitupu?

Jambo hili linawahusu askari pia. Polisi anayemwona mtu akitetemeka kizuizini asifanye haraka kumdhania mhalifu. Huenda anaogopa sare tu, kwa kuwa waliomchomea nyumba nao walishika bunduki. Na askari wa Tanzania ni miongoni mwa waliotumikia Cabo Delgado katika jeshi la SADC, kuanzia 2021 hadi 2024. Arudipo mume kutoka vitani akawa mkimya, mke asidhani kwamba mapenzi yamekwisha, naye mume asione haya kusema, "Moyo wangu haujatulia."

Mwenye jeraha la namna hiyo asilazimishwe kusimulia, wala asiambiwe "sahau." Akitaka kusema, asikilizwe bila kukatizwa. Apewe kazi ndogo ya kumrudishia heshima, kama kushona nyavu au kuchambua mchele. Akikosa usingizi majuma mengi, au akitaja kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali bila kukawia.