Je, Wajua? Prosesa ya Bei Nafuu na ya Bei Kali Ni za Tumbo Moja

Novemba 2020 kampuni ya AMD iliingiza sokoni prosesa mbili za kompyuta za mezani kwa mpigo: Ryzen 5 5600X kwa dola 299 na Ryzen 7 5800X kwa dola 449. Ukibandua kifuniko cha chuma, zote mbili zina kipande kilekile cha silikoni, cha milimita za mraba 80 hivi, chenye transista zaidi ya bilioni 4 na viini vinane vya kufanyia kazi. Tofauti ni kwamba kwenye ile ya dola 299, viini viwili vimezimwa kiwandani.

Chipu hizi hufyatuliwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan, mamia kwa pamoja, juu ya kisahani cha silikoni chenye kipenyo cha milimita 300. Penye mamia kasoro haikosekani. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho yaweza kuua kiini kizima. Kutupa kipande chenye viini saba vizima ni hasara, basi hupimwa, kilichoharibika hufungwa pamoja na kimoja kizima, na kipande kinauzwa kama prosesa ya viini sita. Intel nao wana yao: herufi F mwishoni mwa jina, kama Core i5-12400F, inamaanisha sehemu ya michoro, yaani ya kutoa picha, imezimwa.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia, “Chukua hii bosi, ndiyo kubwa,” muulize kubwa kwa lipi. Kazi za ofisi, intaneti na hesabu za duka haziwezi kumaliza hata hivyo viini sita. Gigahezi, yaani kipimo cha kasi ya prosesa, nazo zinadanganya. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 hufika gigahezi 4.5 tu, wakati 5800X hufika 4.7, lakini kwenye michezo mingi ya video hiyo ya kasi ndogo ndiyo inayoshinda. Siri yake ni kashe, yaani kumbukumbu iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kufuata data kwenye RAM kunachukua muda, na prosesa inayosubiri haifanyi kitu, hata iwe na kasi ya namna gani. AMD walibandika kashe ya ziada juu ya silikoni, ikapanda kutoka megabaiti 32 hadi 96.

Mwenye usemi wa mwisho, hata hivyo, ni ubao mama. Prosesa hukaa kwenye soketi ya ubao huo, na kila soketi ina prosesa na RAM zake: bodi za soketi ya AM4 zinapokea hizi Ryzen 5000 na RAM za DDR4. AM5, iliyotoka 2022, inataka DDR5 pekee. LGA 1700 ya Intel ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye boksi kabla ya kutoa pesa. RAM nunua mbili zinazofanana badala ya moja kubwa, maana prosesa huzisoma kwa njia mbili kwa pamoja. Pawa saplai isiyo na jina iache dukani, hasa kama umeme wa mtaani kwenu unapanda na kushuka.

Prosesa za AM4 zina pini 1,331 upande wa chini, nyembamba na laini. Hatari kubwa ya pini hizo ni siku ya kuitoa prosesa. Pesti ya kupitisha joto ikikauka hung’ang’ania, na ukivuta feni kwa nguvu, prosesa hung’oka nayo huku soketi ikiwa bado imefungwa, pini zikapinda. Mafundi wazoefu huiwasha mashine kwanza pesti ipate joto, wakaizima, kisha wakazungusha feni taratibu kulia na kushoto kabla ya kuinua.

Na kuna hili linalowarudisha wengi dukani wakidhani wameuziwa kitu kibovu: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. 5600X haina kabisa sehemu ya kutoa picha, kwa hiyo tundu la HDMI lililoko kwenye ubao mama halipati chochote. Inabidi uwe na kadi ya michoro, au uchukue 5600G, ambayo picha inatoa ila kashe yake ni megabaiti 16. Kuanzia Ryzen 7000, AMD wameweka sehemu ndogo ya michoro karibu katika prosesa zao zote za mezani, ukiacha zile za herufi F.